Tovuti ya biashara: Ijue seva kwanza, ndipo uchague programu

WAFANYABIASHARA wadogo na vyama vya wakulima wanaotaka kufungua tovuti huanza na swali la sura: itapendeza namna gani? Fundi huja na picha za tovuti alizokwisha kutengeneza, mteja huchagua inayomvutia, bei inakubaliwa na kazi inaanza. Swali la tovuti hiyo itakaa kwenye seva ya aina gani, na nani ataitunza fundi akishalipwa na kuondoka, huulizwa mwishoni, mara nyingi baada ya mambo kuharibika.

Matokeo yake yanajulikana. Tovuti inafunguka polepole hadi mteja anakata tamaa. Bei za mwaka juzi zinaendelea kusomeka kwa kuwa hakuna ajuaye namna ya kuzibadilisha. Au asubuhi moja mnunuzi anaifungua na kukuta matangazo ya kamari mahali palipokuwa na picha za kahawa. Fedha iliyolipwa imekwisha na kazi inabidi ianze upya.

Kinga ya hasara hiyo haiko katika kununua kitu cha bei ghali. Iko katika mpangilio wa maamuzi: kwanza kujua seva ambayo biashara inaweza kuilipia mwaka hadi mwaka, pili kumjua mtu atakayeitunza tovuti, na tatu ndipo kuchagua programu ya kuiendesha.

Fremu na kibao chake

Seva ni kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti saa zote, inayohifadhi mafaili ya tovuti na kuyatoa kila anapokuja msomaji. Wenye biashara ndogo hawainunui. Hukodi nafasi ndani yake kwa mwezi au kwa mwaka, kama mtu anavyopanga fremu ya duka. Jina la tovuti, kwa mfano lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, ni kibao cha mlangoni, nalo husajiliwa na kulipiwa kivyake kila mwaka.

Programu ya kuendesha tovuti, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, CMS, ni ile inayomwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kuingia kwa jina na neno la siri, kubadili bei, kuweka picha na kubonyeza kitufe ili vionekane. Bila programu hiyo, kila badiliko linamhitaji fundi.

Msomaji anapofungua ukurasa, ombi lake linafika kwenye seva. Programu inaamka, inakwenda kwenye kanzidata kuchukua maneno na bei, inakusanya picha na mpangilio, inaunda ukurasa na kumpelekea. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi sana, lakini hula kumbukumbu na nguvu za seva. Programu nzito ikiwekwa kwenye nafasi finyu ni sawa na friji kubwa la bucha kuwekwa kwenye fremu yenye umeme hafifu. Litawaka, lakini nyama haitapoa.

Aina za pango

Pango la bei ya chini ni la seva ya pamoja. Kompyuta moja hubeba tovuti za wateja wengi, na mwenye seva huweka kikomo cha kumbukumbu ambayo kila mmoja anaruhusiwa kutumia. Kwa kawaida seva hizo zinaendeshwa kwa Linux, zina lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL au MariaDB, na mteja hupewa ukurasa wa kusimamia mambo yake, kama vile cPanel. Ubaya wake ni kwamba mteja hawezi kuweka kila anachotaka, na jirani akipata wageni wengi kwa wakati mmoja, wengine nao huweza kuonja msongamano.

Aina ya pili ni sehemu ya seva iliyotengwa kwa mteja mmoja. Hapa mteja ana kumbukumbu yake mwenyewe na anaweza kuweka programu yoyote. Lakini uhuru huo una gharama: mara nyingi yeye ndiye mwenye jukumu la kuirekebisha mitambo yote, kuziba mianya na kuangalia usalama. Asiye na mtu anayeifahamu Linux vizuri anajitwisha mzigo asiouweza. Wapo wanaoshauriwa kukodi seva ya namna hiyo ili tovuti iwe na kasi, kisha hakuna anayeichungulia tena baada ya siku ya uzinduzi.

Aina ya tatu ni huduma kamili, kama Wix, Shopify au WordPress.com, ambako kampuni moja inatoa seva na programu kwa pamoja kwa ada. Mteja hana haja ya kuijua seva. Anachopaswa kujua ni kwamba siku akitaka kuhama, hataweza kubeba kila kitu kama kilivyo.

Jambo la kukumbuka ni kuwa si kila programu hufanya kazi kwenye kila seva. DNN, ambayo zamani iliitwa DotNetNuke, ilijengwa kwa teknolojia ya Microsoft na imezoeleka kwenye seva za Windows. Plone imeandikwa kwa lugha ya Python na hukaa ndani ya kumbukumbu muda wote, kwa hiyo haifai kwenye pango la kawaida la seva ya pamoja. Zote ni programu zenye sifa. Lakini fundi anayezipenda akimwekea mteja mwenye pango la bei ya chini, mteja huyo atalazimika kuhamia seva nyingine na kulipa zaidi, na hatajua kwa nini.

Programu tatu na tabia zake

Majina yanayotajwa zaidi katika seva za PHP ni matatu: WordPress, Joomla na Drupal. Zote ni programu huria. Mtu huzipakua bila malipo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Tofauti yake iko katika kazi inayozifaa na matunzo zinayodai.

WordPress ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, mwanzoni kwa ajili ya kuandikia habari na maoni. Leo ndiyo inayotumika kuliko zote, ikiendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Faida yake kubwa kwa mfanyabiashara mdogo ni kwamba mafundi wanaoifahamu wanapatikana kwa urahisi, hivyo mmoja akihama mji, mwingine atapatikana. Viongezeo vyake, yaani programu ndogo za kuongeza uwezo kama fomu, duka au ramani, vinazidi 50,000 katika ghala lake rasmi. Humo humo ndimo ulimo udhaifu wake, kwa sababu viongezeo vingi vimeandikwa na watu tofauti na vingine vimeachwa bila matunzo.

Joomla ina jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Linatokana na neno jumla, likiwa na maana ya wote kwa pamoja. Ilizaliwa mwaka 2005, pale waandishi wa programu iliyoitwa Mambo walipotofautiana na kampuni iliyokuwa ikiimiliki jina hilo na kuamua kuondoka na kuanzisha yao. Joomla ina uwezo wa kuendesha tovuti ya lugha mbili au zaidi bila kuongezewa kitu, na inapanga vizuri nani anaruhusiwa kubadilisha nini. Inahitaji muda zaidi kujifunza.

Drupal ilitolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji. Ni imara kwa taasisi zenye taarifa nyingi za aina mbalimbali, kama vyuo na idara za serikali. Lakini matoleo yake ya sasa hutegemea zana ya kuandikia amri kwenye seva iitwayo Composer, ambayo inahitaji kumbukumbu ya kutosha na ruhusa ambazo seva nyingi za bei ya chini hazitoi. Kwa mfanyabiashara asiye na fundi wa kudumu, hilo pekee linatosha kumfanya afikiri mara mbili.

Kuna jambo la umri pia. Kila toleo la programu lina siku ya kustaafu. Joomla 3 iliacha kupata marekebisho ya usalama Agosti 2023. Drupal 7, iliyotoka mwaka 2011, ilifikia mwisho Januari 5, 2025, na kuivusha tovuti kutoka Drupal 7 kwenda matoleo mapya hakukuwa kuisasisha tu bali kuijenga karibu upya. WordPress kwa kawaida hujitahidi matoleo mapya yasivunje tovuti za zamani. Mteja anayepewa tovuti leo ana haki ya kuuliza toleo alilowekewa litatunzwa hadi lini.

Lugha ya PHP nayo inazeeka. PHP 5.6 iliacha kutunzwa mwishoni mwa 2018, na PHP 7.4 Novemba 2022. Mwenye seva anapoondoa toleo la zamani kwa usalama wa wateja wake, tovuti ambayo haijaguswa kwa miaka inaweza kubaki ukurasa mweupe usio na neno. Mwenye tovuti hudhani amevamiwa, kumbe ni yeye aliyelala.

Saa 7 za mwaka 2014

Wanaodhani matunzo ni jambo la kuahirisha wana la kujifunza kutokana na yaliyoipata Drupal. Oktoba 15, 2014, watunzaji wake walitangaza kasoro kubwa katika Drupal 7 pamoja na dawa yake. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 1 usiku. Wiki mbili baadaye walitoa onyo jingine: kila tovuti ambayo haikuwa imetibiwa ndani ya saa 7 tangu tangazo lile, yaani kabla ya saa 8 usiku huo huo, ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Waliokuwa wamelala na kuamka asubuhi kufanya kazi hiyo walikuwa wamechelewa.

WordPress nayo ilipata mtihani wake mwanzoni mwa 2017. Kasoro katika matoleo ya 4.7 na 4.7.1 iliruhusu mtu wa nje kubadilisha maandishi ya tovuti bila neno la siri. Dawa ilitolewa Januari 26, na habari za kasoro yenyewe zikatangazwa Februari 1. Katika siku zilizofuata kurasa zaidi ya milioni 1 zilichafuliwa. Zilizonusurika zaidi ni zile zilizokuwa zimeacha wazi uwezo wa kujisasisha zenyewe, ambao WordPress ilikuwa nao tangu Oktoba 2013. Zilizochafuliwa ni zile ambazo uwezo huo ulikuwa umezimwa au haukuweza kufanya kazi kwenye seva zake.

Somo la visa hivyo viwili linahusu seva na mtunzaji kuliko jina la programu. Biashara isiyo na mtu wa kukaa macho usiku inahitaji programu inayoweza kujitibu yenyewe, kwenye seva inayoiruhusu kufanya hivyo.

Hatari nyingine huletwa na mteja mwenyewe anapotafuta cha bure. Violezo na viongezeo vya kulipia husambazwa kwa wizi katika mitandao, na ndani yake mara nyingi huwa kumefichwa mlango wa nyuma kwa ajili ya wadukuzi. Fundi anayetoa kiolezo cha kulipia bila kuonyesha risiti anastahili kuulizwa alikipata wapi.

Mfano wa chama cha parachichi

Ili kuona jinsi uamuzi unavyofanyika, tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa parachichi mkoani Njombe. Mnunuzi wa Ulaya anayefikiria kuagiza hutafuta kwanza jina la chama kwenye intaneti. Anataka kuona wanachama wako wapi, aina ya tunda, msimu wa kuvuna, cheti kama GLOBALG.A.P. ambacho maduka mengi makubwa ya Ulaya hukidai, na anwani ya kuwasiliana. Mwanachama wa kijijini naye anataka kujua bei ya wiki hii na siku ya gari la kukusanya mzigo.

Kwa hiyo chama kinahitaji kurasa chache, lugha mbili, mafaili ya vyeti na sehemu moja inayobadilika kila wiki. Atakayebadilisha ni karani wa ofisi, pengine kwa simu. Fedha ya matunzo ni kidogo, na fundi anaishi mjini.

Mahitaji hayo yanatoshea kwenye seva ya pamoja ya Linux. DNN na Plone zinatoka moja kwa moja. Drupal inatoka kwa sababu ya matunzo yake. Zinabaki Joomla na WordPress. Joomla ina faida ya lugha mbili. WordPress inahitaji kiongezeo kimoja kwa kazi hiyo, lakini ina faida ya mafundi wengi. Hapa mwamuzi wa mwisho ni mtu: kama fundi aliyepo karibu anaijua Joomla vizuri na yuko tayari kuweka mkataba wa matunzo, Joomla ni chaguo zuri. Kama hakuna uhakika huo, WordPress yenye viongezeo vichache vinavyotunzwa ndiyo salama.

Hesabu hubadilika chama kikitaka kuuza mtandaoni na kupokea malipo. WooCommerce, kiongezeo maarufu cha duka katika WordPress, hushauri kumbukumbu ya megabaiti 256 kwa tovuti, na baadhi ya pango za bei ya chini hutoa nusu ya hapo. Aidha, tovuti inayokusanya majina na namba za simu za wateja inaingia katika sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Asiye na mpango wa kuzitunza taarifa hizo ni afadhali asizikusanye.

Pale programu isipohitajika

Si kila biashara inahitaji programu ya aina hii. Mwenye karakana ya kuchomelea mageti, ambaye tovuti yake ina picha za kazi, namba ya simu na ramani, na habari hizo hazibadiliki kwa mwaka mzima, anaweza kutengenezewa kurasa za kawaida zisizotumia kanzidata. Kurasa hizo hufunguka haraka hata kwenye simu ya mtandao hafifu, hukaa kwenye seva yoyote, na mdukuzi hupata mianya michache zaidi. Fundi mwaminifu atamwambia mteja hivyo, ingawa malipo yake yatakuwa madogo.

Wengine hutosheka na ukurasa wa Facebook au WhatsApp ya biashara. Ni njia halali ya kuanzia, ila mwenye duka akumbuke kuwa amepanga ndani ya nyumba ya mtu. Yahoo ilifunga GeoCities Oktoba 2009, na kurasa zilizokuwa zimejengwa humo kwa miaka mingi zikaondolewa. Tovuti ndogo za bure ambazo Google iliwapa wafanyabiashara kupitia wasifu wao wa biashara zilizimwa Machi 2024. Mwenye jina lake mwenyewe na nakala ya maudhui yake huhama. Asiye navyo huanza upya.

Seva iwe ndani au nje

Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano mengi ya kimataifa yalipitia setilaiti kwa gharama kubwa, na tovuti nyingi za huku ziliwekwa Ulaya au Marekani. Leo mteja ana hiari. Dar es Salaam na Nairobi zina vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano ya ndani bila kuyapitisha ng'ambo, hivyo seva iliyo nchini huweza kumfikia mteja wa nchini haraka na hata wakati njia ya nje ina tatizo. Mei 12, 2024, nyaya mbili za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana.

Kwa upande mwingine, mwenye wanunuzi wengi Ulaya anaweza kunufaika na seva iliyo karibu nao. Lakini pango la nje hulipwa kwa dola, na shilingi ikishuka, bili hupanda bila mwenye seva kubadili bei. Swali la kujibu ni hili: wasomaji wengi wa tovuti wako wapi, na malipo yatatoka katika fedha gani?

Funguo zishikwe na nani

Kosa lenye gharama kuliko yote halihusu teknolojia. Ni jina la tovuti kusajiliwa kwa jina la fundi. Wakikosana, au fundi akifariki, au akibadili namba ya simu, chama hakina njia rahisi ya kudai kibao chake. Barua pepe za biashara, ambazo mara nyingi ziko kwenye seva hiyo hiyo, nazo hupotea pamoja nayo.

Funguo ni nne: akaunti ya jina la tovuti, akaunti ya pango la seva, neno la siri la msimamizi wa programu, na barua pepe ambayo maneno ya siri hurejeshwa kupitia kwake. Zote zinapaswa kuwa kwa jina la biashara au chama. Fundi apewe akaunti yake ya kufanyia kazi, inayoweza kufutwa siku mkataba unapokwisha. Katika vyama vya ushirika funguo hizi ziingizwe kwenye orodha ya makabidhiano kila uongozi unapobadilika, pamoja na muhuri na vitabu vya benki. Katibu aliyeshindwa uchaguzi asiondoke na neno la siri mfukoni.

Nakala ya akiba nayo iwe mahali pawili, moja kwa mwenye seva na nyingine kwenye diski ya ofisini. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa haihesabiki kuwa ipo. Anayeweza kuhama na mali yake hana sababu ya kumwogopa fundi wala mwenye seva. Ikulu ya Marekani ilihamishia tovuti yake kwenye Drupal mwaka 2009 na kwenda WordPress mwaka 2017. Kuhama ni jambo la kawaida kwa aliyejiandaa. Na hata jina kubwa si kinga: Septemba 2024, wateja wa kampuni ya seva ya WP Engine walizuiwa kwa muda kupata masasisho kutoka ghala la WordPress.org kwa sababu ya mgogoro kati ya kampuni hiyo na kiongozi wa WordPress.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla ya kusaini, mteja aiulize kampuni ya seva maswali haya: Ni Linux au Windows? Ina toleo gani la PHP, na linaweza kubadilishwa? Kumbukumbu inayoruhusiwa ni kiasi gani? Nakala za akiba huchukuliwa kila baada ya siku ngapi, na kuzirudisha kunalipiwa? Cheti cha usalama kinachofanya anwani ianze na https kimo kwenye bei? Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimepatikana kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, kwa hiyo anayetoza fedha nyingi kwa cheti cha kawaida aeleze sababu.

Fundi naye aulizwe: Kwa nini programu hii na si nyingine? Viongezeo ni vingapi, na kila kimoja kina kazi gani? Nani atasasisha, mara ngapi, kwa bei gani kwa mwaka? Bei ya programu huria ni sifuri, lakini jina, pango na matunzo hulipwa kila mwaka, na hizo ndizo gharama za kupangia bajeti.

Kisha lifanyike jaribio moja kabla ya malipo ya mwisho. Fundi aweke tovuti ya majaribio kwenye seva ile ile iliyokodiwa, si kwenye kompyuta yake. Karani au mwenye duka achukue simu yake ya kawaida yenye bando la kawaida, aingie, abadili bei ya bidhaa moja, aweke picha moja na kutoka, bila fundi kugusa chochote. Baada ya hapo fundi aifute tovuti ile na kuirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba mbele ya mteja. Mambo hayo mawili yakifanyika bila kubabaika, programu imefaa seva na imemfaa mtumiaji. Yakishindikana, ni nafuu yashindikane siku hiyo, fedha ikiwa bado iko mkononi mwa mwenyewe.